Jinsi ya Kuipima Filamu ya Msiba

Kumliza mtazamaji si kazi kubwa. Uso unaotetemeka na fidla kidogo vinatosha. Kwa hiyo anayetaka kujua kama filamu ya msiba ni bora asihesabu machozi yake. Kielelezo kizuri cha kujifunzia ni *Trois couleurs: Bleu* ya mwaka 1993, iliyotengenezwa Ufaransa na mwongozaji kutoka Poland, Krzysztof Kieślowski. Julie, anayeigizwa na Juliette Binoche, anafiwa na mumewe, mtunzi wa muziki, pamoja na binti yao katika ajali ya gari. Anahamia Paris akiwa ameazimia kuishi bila mtu wala kumbukumbu.

Anza na kile ambacho mwongozaji ameyanyima macho yako. Mazishi tunayaona kupitia televisheni ndogo iliyo mbele ya Julie, aliyelazwa hospitalini baada ya ajali. Baadaye mtumishi wa nyumbani analia, na sababu anayoitoa ni kwamba Julie mwenyewe halii. Uchungu umehamia kwa mwingine, nasi tunauhisi zaidi.

Kisha angalia vitu vidogo. Julie anagusisha kipande cha sukari kwenye kahawa, nacho kinalowa taratibu. Kieślowski alitaka kilowe kwa sekunde tano hivi, akamtuma msaidizi wake ajaribu sukari za aina mbalimbali. Katika sekunde hizo tunamwona mwanamke asiyetaka kujua lolote lililo nje ya kikombe chake.

Masikio nayo yafanye kazi. Katika filamu dhaifu, muziki hukuambia wakati wa kuhuzunika. Hapa muziki wa Zbigniew Preisner unamwandama Julie. Skrini inakuwa nyeusi ghafla, sauti zinapaa, kisha tunarudi palepale tulipoachia, kana kwamba muda haukusogea. Aliyefiwa anaijua hali hiyo.

Kipimo kigumu zaidi ni uhuru, ambao ndio maana ya rangi ya buluu katika filamu hii. Filamu nyingi humpa mjane uhuru kama zawadi ya mwisho: safari, nyumba mpya, mpenzi mpya. Kieślowski anampa Julie uhuru mapema, halafu anauchunguza: asiyefungwa na mtu yeyote yuko huru kweli, au amejificha? Jibu linakuja kwa vitendo. Julie anagundua kwamba marehemu mumewe alikuwa na hawara, naye ana mimba. Julie anampa hawara huyo nyumba ya familia. Pia anarudi kuumalizia muziki wa mumewe, ambao awali aliutupa.

Kasoro ipo: mwanga wa buluu unasisitizwa kupita kiasi pale ambapo uso wa Binoche ungetosha. Hata hivyo, filamu hii iliistahili tuzo ya Simba wa Dhahabu iliyoipata katika tamasha la filamu la Venice mwaka 1993. Itazame mahali tulivu, kwa spika nzuri, kwa sababu sehemu kubwa ya hadithi inasikika kabla ya kuonekana.