Maandishi au Picha ya Maandishi? Uhakiki wa Majarida Shirikishi ya Tableti

Kila mara chombo kipya cha uchapishaji kinapotokea, wahakiki hukisifu kwa yale ambayo chombo cha zamani hakikuweza kuyatenda. Ni nadra kuulizwa swali la pili: je, chombo kipya kinaweza kutenda yale ambayo cha zamani kiliyatenda kimyakimya, bila kujisifu? Swali hilo ndilo msingi wa uhakiki huu. Unahusu programu za kuchapisha majarida shirikishi kwenye tableti, yaani majarida ambayo msomaji huyagusa, huyazungusha na huyasikiliza, wala si kuyasoma tu. Programu inayochunguzwa zaidi ni ile ya kampuni ya Adobe, Digital Publishing Suite, iliyotangazwa mwaka 2010 na kutumiwa na majarida mengi makubwa ya Marekani na Ulaya.

Chanzo cha programu hiyo chafaa kukumbushwa. Tableti iitwayo iPad ilianza kuuzwa Marekani tarehe 3 Aprili 2010. Mwezi uliofuata, jarida la Wired lilitoa toleo lake la kwanza kwa chombo hicho, kwa bei ya dola 4.99, likiwa limetayarishwa pamoja na Adobe. Wanunuzi wengi walilipokea kwa shauku. Ndani yake mlikuwa na video, sauti na picha zilizotii kidole cha msomaji. Waliotabiri kifo cha jarida la karatasi walidhani wamepata ushahidi wao.

Nyenzo zilizoongezwa katika programu hiyo zilikuwa nyingi. Mhariri aliyezoea kupanga kurasa kwa InDesign aliweza kuweka mfululizo wa picha unaomwezesha msomaji kukizungusha kitu. Mandhari inayoonekana pande zote. Vitufe vya sauti na video. Na fremu yenye matini ndefu inayosogezwa bila kuuacha ukurasa. Mwaka 2012, InDesign CS6 ilileta njia ya kuutengeneza ukurasa mmoja kwa vipimo mbalimbali vya skrini, ili mpangaji asianze upya kwa kila chombo. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: hizo zilikuwa kazi za ustadi, na zilimpa msanifu wa kurasa uhuru ambao hakuwa nao kabla.

Hata hivyo, ukitazama chini ya mapambo hayo, utaona tatizo la msingi. Katika toleo lile la kwanza la Wired, kila ukurasa ulihifadhiwa kama picha, tena mara mbili: picha ya tableti iliyosimamishwa na picha ya tableti iliyolazwa. Hiyo ni sababu mojawapo kuu iliyofanya toleo moja lifikie takriban megabaiti 500. Tableti ndogo kabisa ya wakati huo ilikuwa na nafasi ya gigabaiti 16. Matoleo 12 ya mwaka mmoja yangemeza zaidi ya theluthi ya nafasi hiyo. Kwa msomaji anayelipia kila megabaiti, kama walivyo wanafunzi wengi wa vyuo vikuu vya Kongo, jarida la namna hiyo ni karamu inayoonekana dirishani tu.

Lakini uzito wa faili si kasoro kubwa kuliko zote. Kubwa zaidi ni ya kiisimu. Matini iliyogeuzwa kuwa picha si matini tena. Ni sura ya matini. Jicho huisoma, lakini mashine haioni ndani yake silabi wala neno. Neno haliwezi kutafutwa, sentensi haiwezi kunakiliwa ili itajwe katika tasnifu, na programu ya kumsomea kipofu haina cha kusoma. Mtafiti hawezi kuhesabu ni mara ngapi kiambishi fulani kimetokea. Adobe baadaye iliruhusu kurasa za PDF na za HTML, na kasoro hiyo ikapungua. Mpangilio wenyewe lakini ni shahidi: kwanza picha izunguke, kisha neno lifikiriwe.

Kasoro ya pili ni ya uhai. Majarida hayo yalimfikia msomaji kwa kupitia seva za kampuni na duka la kampuni nyingine. Gazeti la The Daily, lililoundwa kwa ajili ya tableti peke yake, lilizaliwa tarehe 2 Februari 2011 na kufungwa tarehe 15 Desemba 2012. Rafu ya majarida iliyoitwa Newsstand, ambayo Apple iliifungua mwaka 2011, iliondolewa mwaka 2015. Programu ya Adobe yenyewe ilibadilishwa umbo, ikapewa jina jipya mwaka 2016, na hatimaye huduma hiyo nayo imekwisha kufungwa. Jarida la karatasi lililokufa hubaki katika maktaba. Jarida lililofungiwa ndani ya programu huelekea kuzikwa pamoja nayo.

Hapo ndipo wasomi wa Kiswahili cha Kongo wana mfano wao wa kulinganisha. Mwaka 1965, mjini Lubumbashi, ambao wakati huo ulikuwa ukiitwa Elisabethville, André Yav aliandika kwa Kiswahili cha mji huo historia iitwayo Vocabulaire de ville de Elisabethville. Ilipigwa kwa taipureta na kurudufiwa. Tahajia yake haikufuata kanuni, mipaka ya maneno ilikuwa ya kubahatisha, na alama za uandishi zilikuwa chache. Lakini ilikuwa maandishi, na ilikuwa mikononi mwa watu. Kwa sababu hiyo Johannes Fabian aliweza kuichapisha mwaka 1990, akisaidiwa na Kalundi Mango, aliyeisoma upya kwa sauti ili maana yake ifunguke; Walter Schicho akaongeza maelezo ya kiisimu. Baadaye ikawekwa kwenye intaneti, ambako neno lolote laweza kutafutwa.

Mfano huo hautajwi ili kuitukuza taipureta. Unaonyesha, kinyume chake, mahali ambapo teknolojia mpya ingekuwa na kazi ya kweli. Andiko la Yav lilimdai msomaji sauti: bila kusikiwa halikueleweka vyema. Jarida la Kiswahili linalounganisha matini, sauti ya msimulizi na maelezo ya mwanaisimu lingekuwa jambo jipya kwa hakika, si pambo. Na nyenzo hiyo ipo. Kanuni ya EPUB 3, iliyotolewa mwaka 2011, inaruhusu sauti kwenda sambamba na matini, sentensi ikiangaziwa kadiri inavyosomwa, huku matini ikibaki matini. Kanuni yenyewe iko wazi kwa wote. Haimfungi mchapishaji kwa duka moja, na InDesign ileile inaweza kutoa faili za aina hiyo.

Kutokana na hayo, programu ya namna hii ipimwe kwa maswali manne kabla ya kusifiwa. Je, neno lililomo laweza kutafutwa na kunakiliwa? Je, msomaji mwenye chombo cha bei nafuu na mtandao dhaifu anaweza kulipata toleo? Je, sauti na picha zinaifafanua matini, au zinamwondoa msomaji kwenye matini? Je, toleo litasomeka siku ambayo kampuni itafunga seva zake? Programu ya kwanza ya Adobe ilishinda kwa urembo, lakini kwa maswali hayo ilishindwa karibu yote.

Mwenendo wa majarida ya tableti kati ya 2010 na 2020 unafundisha jambo moja lenye uzito kwa lugha ambayo hazina yake ya maandishi bado inajengwa. Lugha yenye maktaba kubwa yaweza kupoteza matoleo kadhaa ya jarida bila kuumia sana. Kiswahili cha Kongo hakina akiba hiyo. Kwacho, kila ukurasa unaohifadhiwa kama picha ndani ya programu ya kampuni ni ukurasa uliowekwa rehani, na mwenye kuishika hakuahidi kuurudisha.