Gesi Isiyokubali Kupandishwa: Upimaji wa Maji ya Ziwa Kivu

Mtu atekaye maji kwa bidoni katika ufuko wa mji wa Goma, Kongo, huliuliza ziwa swali moja, kama maji ni salama, nalo hujibiwa kwa klorini. Lakini liko swali jingine, la kiasi cha gesi, lililolala chini ya mita 260, ambako maji mazito yenye joto na chumvi hayachanganyiki na yale ya juu, na hilo limewashughulisha wataalamu kwa zaidi ya miaka 80.

Hubert Damas, Mbelgiji aliyelichunguza ziwa hili mwaka 1935 na 1936, alikuta kilindini joto likizidi kadiri alivyopima chini zaidi, jambo lililo kinyume cha ada ya maziwa, na maji ya kina yakiwa yamejaa gesi. Gesi hizo, aghalabu hewa ukaa na methani, hubaki zimeyeyuka kwa sababu ya kanieneo ya maji yanayozilalia. Chupa ipandishwapo kanieneo hupungua, nazo hufoka mfano wa soda iliyofunguliwa, hata kinachofika mashuani ni maji yaliyokwisha kupoteza sehemu ya kile kilichotafutwa. Kwa hiyo historia ya upimaji wa Kivu ni historia ya vyombo vya kumzuia mtoro huyu njiani.

Vipimo vya Mjerumani Klaus Tietze, vya mwaka 1974 na 1975, vilikuwa mizani ya wote waliomfuata, wala havikuwatia watu hofu hadi tarehe 21 Agosti 1986, ziwa Nyos la Kameruni lilipotapika hewa ukaa na kuua watu wapatao 1,700. Sisi wa Goma, tunaoyajua mazuku, hewa ukaa ituamayo mabondeni na kuua mbuzi, hatukuhitaji kuelezwa maana yake. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilipita kati ya mji ikaingia ziwani. Matabaka ya kina hayakutikisika, lakini vipimo vya miaka iliyofuata, vilivyotangazwa mwaka 2005, vilidai kwamba methani imeongezeka kwa asilimia 15 hadi 20 tangu zama za Tietze.

Hapo ndipo shaka ya insafu ilipostahili: je, lililobadilika ni ziwa, au ni chombo? Mwaka 2018 makundi kadhaa yalipima ziwa lile lile kwa wakati mmoja, kila moja kwa njia yake, baadhi wakijaza katika kina kirefu mifuko isiyovuja, iliyoachiwa nafasi ya gesi kutanuka, wengine wakiichambua gesi papo hapo juu ya maji. Na matokeo yao, yaliyotolewa mwaka 2020, hayakuona ongezeko la maana. Kwangu mimi, kazi hiyo ya kupatanisha vyombo, isiyovumbua kitu kipya, ina thamani kuliko vumbuzi nyingi, kwani kabla yake hitilafu ya vipimo viwili ilisomwa kama mwendo wa ziwa lenyewe.

Mtambo wa KivuWatt, upande wa Rwanda, tangu mwaka 2016 huyapandisha maji ya kina, huitoa methani iliyomo na kuyarudisha maji ziwani. Basi mpimaji wa leo, awe wa Gisenyi au wa Goma, sharti aangalie kadhalika joto na chumvi za kila tabaka, maana maji yakirudishwa mahali pasipoyafaa, huweza kulegeza kizuizi kile kinachoifungia gesi chini.