Maji Yanayoshika Ubao

Chukua ngalawa ya mita 6 inayotoka Kunduchi, upepo ukiisukuma kwa mwendo wa mita 2 kwa sekunde. Maji yanayougusa ubao hayatelezi. Yameushika, yanakwenda nao. Hatua moja pembeni bahari haina habari kwamba kuna chombo. Msuguano wote umejificha katikati, katika utando mwembamba wanaouita tabaka la mpaka. Kwangu, hakuna hesabu tamu kuliko ya utando huo.

Mwaka 1752 mwanahisabati d'Alembert alithibitisha kwamba kitu kinachopita kwa mwendo usiobadilika katika maji yasiyo na mnato hakipati ukinzani hata chembe. Mvuvi yeyote angemkatalia. Milinganyo yenye mnato ilikuja baadaye, ikawashinda watu kwa ugumu. Kisha mwaka 1904, mjini Heidelberg, Ludwig Prandtl alitoa hotuba ambayo ilipochapwa haikuzidi kurasa 8: mbali na ubao, usahau mnato; karibu nao, uuhesabu, lakini uache sehemu yake inayotokana na mabadiliko ya polepole ya kufuata urefu wa chombo. Uamuzi huo wa nini cha kuacha ndio ufundi wenyewe. Anayekimbilia kalamu kabla ya kupima kipi kikubwa na kipi kidogo atajaza karatasi bure.

Mwanafunzi wa Prandtl, Blasius, alikamilisha hesabu ya utando huo juu ya ubao bapa mwaka 1908, na hadi leo inatufaa pale omo. Maji yakiwa shwari, sentimita 20 hivi kutoka ncha ya mbele utando una unene wa milimita moja na nusu tu. Hapo namba ya Reynolds, inayolinganisha nguvu ya mwendo na ya mnato, inafika kama 500,000, mtiririko unaanza kuvurugika, na Blasius hatusaidii tena. Kwa kanuni za mtiririko wa msukosuko, utando hufika tezi ukiwa na unene wa karibu sentimita 8.

Lakini ndani ya sentimita hizo 8, chini kabisa, limebaki tabaka tulivu lisilofika hata sehemu moja ya kumi ya milimita. Kikwaruzo kidogo kuliko hapo kinafunikwa, maji hayakioni. Magamba ya viumbe vya bahari yanayoota kwenye ubao yana milimita kadhaa, yanalitoboa tabaka hilo na kuuongeza msuguano. Ndiyo maana wavuvi wa pwani wanapokipandisha chombo ufukweni na kukikwangua hadi ubao ulainike, kazi yao inaangukia palepale hesabu inapoonyesha.