Mama Mwenye Kitabu Mkononi

Mwaka 1645 mchoraji Mholanzi Rembrandt alichora picha ya Familia Takatifu, ambayo leo imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Hermitage, mjini St Petersburg, Urusi. Ukiitazama kwa mara ya kwanza, unaona nyumba ya fundi wa kawaida. Mtoto Yesu amelala, amefunikwa blanketi jekundu. Yusufu yuko nyuma, penye giza, anachonga mti. Maria ameketi kando ya mtoto, bila taji wala kiti cha enzi. Isingekuwa malaika wanaoshuka kutoka juu, tungedhani ni familia ya jirani.

Sasa, msomaji mpendwa, tazama mikono ya Maria. Mmoja umeshika kitabu kikubwa kilichofunguliwa. Wa pili unafunua kidogo kitanda ili amwangalie mtoto. Amekatiza kusoma, lakini hakukifunga kitabu. Wachoraji wa kale walipenda kumchora Maria akisoma wakati Gabrieli anapomletea habari. Rembrandt anamwachia kitabu hata baada ya kuwa mama. Luka 2:19 inatuambia kwamba Maria aliyaweka mambo haya moyoni na kuyatafakari. Picha hii inaliamini neno hilo: anayelea ndiye pia anayetafakari.

Na kule kumwangalia mtoto si pambo tu. Rembrandt na mkewe Saskia walizika watoto watatu wachanga. Wa nne, Titus, ndiye aliyekua, lakini Saskia alifariki mwaka 1642, kabla mtoto huyo hajatimiza mwaka. Miaka mitatu baadaye, mjane huyu akamchora mama anayehakikisha kwamba mwanawe anapumua salama.

Hata hivyo, nina neno na picha hii. Yusufu ana kazi moja, Maria anazo mbili. Mtoto akijigeuza, anayeacha shughuli yake ni mama. Baba hainui hata kichwa. Mtu anaweza kuisifu picha hii na kusema, "Mama asome, ila akishamaliza kulea."

Je, sisi usharikani tunasema tofauti? Siku ya akina mama tunawapa vitenge na kuwasifu kwa upole na mapishi. Semina ya Neno la Mungu ikiitishwa, wao hao ndio wanaobaki jikoni na watoto mgongoni, kisha tunashangaa kwamba wachache wanasimama kufundisha. Sifa bila nafasi ni deni ambalo hatujalilipa.

Rembrandt alimpa Maria kitabu. Kilichobaki ni chetu: Yusufu aweke shoka chini kwa saa moja, amshike mtoto, ili mama amalize sura aliyoianza.