Ngoma Ikae Mkono wa Kushoto

Anayetaka kuuhamishia kwenye kinanda wimbo wa ngoma wa Mohoro, Rufiji, asianze na mkono wa kulia. Kulia kuna kazi nyepesi: unamfuata mwimbishaji. Ugumu uko kushoto, maana huko ndiko ngoma inakopaswa kukaa, na huko ndiko wapangaji wengi wa muziki wanakoiua.

Mtazame Samuel Coleridge-Taylor, mwanamuziki wa Uingereza ambaye baba yake alikuwa mtu wa Sierra Leone. Mwaka 1905 vipande vyake 24 vya piano vilichapwa Boston. Vinne vya mwanzo vimejengwa juu ya nyimbo za kusini-mashariki mwa Afrika. Juu ya kila kipande aliweka wimbo wenyewe, mtupu, kisha akaugeuzageuza kwa ufundi aliousifu kwa Brahms na Dvořák. Fundi alikuwa, sibishi. Lakini wimbo ulimfikia ukiwa nota kwenye karatasi, bila makofi, bila waitikiaji wanaomdaka mwimbishaji kabla hajamaliza. Pengo hilo alilijaza kwa kodi za Ulaya, yaani nota kadhaa zinazopigwa pamoja. Zinapendeza; ngoma haimo.

Wimbo wa taifa wa Tanzania, Mungu Ibariki Afrika, hauna tabu hiyo. Enoch Sontonga alitunga muziki wake Johannesburg mwaka 1897 kwa mtindo wa tenzi za kanisani, kwa nota za do-re-mi, hivyo mpiga kinanda anagawa tu: soprano na alto kulia, tenori na besi kushoto. Wimbo wa taifa wa Kenya nao ulipita kirahisi. Mwaka 1963 kamati ya wanamuziki watano, wakiwemo Graham Hyslop, Washington Omondi na George Senoga-Zake, iliutoa katika wimbo wa kubembeleza mtoto wa Wapokomo wa Mto Tana, ikaupanga kwa skeli ya maina, ingawa nyimbo nyingi za taifa ni za meja. Wimbo wa kubembeleza hauna ngoma ya kupotea.

Ngoma za pwani ndizo zinazotaka akili. Nyingi huenda kwa mapigo sita ambayo sikio moja linayasikia tatu-tatu na jingine mbili-mbili, kwa wakati mmoja. Basi kidole kidogo cha kushoto kishike msondo, ile ngoma kubwa, chini kabisa, polepole. Gumba lijibu kwa chapuo, ile ngoma ndogo, likipishana na mkono wa kulia. Kodi zisubiri. Mwimbishaji aanze na nota mojamoja, waitikiaji waingie kwa mikono yote miwili, oktavu tupu. Ukianza kujaza kodi mapema, umeshahamia kanisani. Na vile vinanda vya umeme vyenye biti za tayari, zima biti: hakuna hata moja iliyotengenezwa kwa ajili ya Rufiji.

Mpangaji asiandike nota kwa kusikiliza waimbaji peke yao. Amrekodi mpiga msondo kwanza, kisha wa chapuo, waimbaji wawe wa mwisho.