Utabiri na Sababu

Mkazi wa mtaa wa Mountain View, Nairobi, hahitaji kufundishwa utabiri. Wingu linapoanza kujikusanya alasiri upande wa Ngong, makanga wa Barabara ya Waiyaki huwa amekwisha pandisha nauli kabla tone la kwanza halijaanguka, na ni nadra akose. Asili ya mvua haimshughulishi, kwa kuwa kazi yake ni kuingojea, si kuileta. Lakini mtu akusudiapo kutia mkono wake katika mambo ya ulimwengu na kuyageuza, utabiri mtupu haumfai kitu. Sharti ajue kwa yakini lipi huzaa lipi.

Kwa muda mrefu mafundi wa takwimu waligawanyika, hawa wakibashiri, wale wakichimbua sababu, kila kundi likilidharau jingine kidogo. Kazi bora niijuayo ya kuwapatanisha imetoka kwetu, Siaya. Huko, kati ya mwaka 2014 na 2017, shirika la GiveDirectly liliwapa wenye nyumba za paa la nyasi, kaya zaidi ya 10,500, kama dola 1,000 kila moja. Na katika vijiji 653, kura ndiyo iliyoamua kipi kipate. Uzuri wa kura ni insafu yake: kwa kuwa waliopata na waliokosa hawakutenganishwa na jambo lolote ila bahati, tofauti iliyozuka baadaye yaweza kuhesabiwa kuwa ni athari ya fedha.

Wanauchumi Johannes Haushofer, Edward Miguel na wenzao walipozitia habari za kaya hizo katika kompyuta, iliyozigawa kaya tena na tena kwa hali zao za awali, hawakuuliza nani fukara tu, waliuliza pia fedha zitambadilisha nani zaidi. Jibu lao la mwaka 2022 lilikuwa zito: waliozama zaidi katika dhiki, kwa kawaida, sio walionufaika zaidi, na kufuata ufukara peke yake si njia bora ya kugawa.

Sikulipenda jibu hilo, maana nimelelewa kumtazama kwanza aliye taabani, na bado namtazama. Ila nausifu ustadi unaonionyesha gharama ya huruma yangu. Nanyi wasimamizi wa Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wahitaji, mtoao shilingi 2,000 kwa mwezi, waiteni mafundi hawa kabla ya kuandika orodha nyingine.