Filme «Jan Žižka»: Vita na Imani

Filme «Jan Žižka» ilitengenezwa na Otakar Vávra katika Chekoslovakia mwaka 1955, wakati wa utawala wa wakomunisti. Ni ya pili katika filme tatu juu ya wafuasi wa Jan Hus, padri aliyechomwa moto mjini Konstanz mwaka 1415. Yafaa tuipime kwa haki.

Kwanza tusifu. Inatufikisha kwenye vita vya Sudoměř, tarehe 25 Machi 1420. Žižka, mzee mwenye jicho moja, alikuwa na watu karibu 400 na magari 12 tu. Wapanda farasi waliomjia walikuwa wengi kuliko watu wake mara nyingi. Akachagua mahali kando ya mabwawa ya samaki, wasipate kumzunguka. Magari ya wakulima yakawa boma. Nyuma ya mbao walisimama wenye bunduki, na wengine wenye fimbo za kupuria ngano. Farasi haruki gari. Na mtu aliyevaa chuma, akishuka matopeni, ni mzito. Hivi vyombo vya shamba vilishinda panga za mabwana.

Sasa kasoro. Filme yataka tuone maskini wakipigana na matajiri, basi. Imani inakuwa kama nguo ya juu tu. Sivyo. Watu wale walidai kalisi, yaani Wakristu wote wapokee Damu ya Kristu, si mapadri peke yao. Žižka aliita ngome yake jina la Kalisi. Tena katika sheria za askari wake, mwaka 1423, aliagiza wapige magoti mbele ya Ekaristi kabla ya kuondoka. Asiyetaja jambo hilo ataelezaje kwa nini wakulima hawakukimbia?

Lakini sisi tusifurahi upesi. Aliyepiga magoti vile aliua Wakristu wenzake. Na waliomshambulia baadaye mwaka ule wa 1420 walivaa msalaba, kwa amri ya Papa Martino V. Boma la magari lilishinda mara nyingi, lakini amani haikutoka humo. Ilipatikana mwaka 1436, kwa mapatano na Mtaguso wa Basel, na kalisi ikaruhusiwa. Mwaka 1999 Papa Yoane Paulo II alisikitikia waziwazi kifo cha Hus.

Basi itazameni filme hii, mjifunze werevu wa Žižka. Lakini mkiwafundisha watu, msiwafiche kalisi, wala msiwafiche damu iliyomwagika kwa ajili yake.